Mashine Iliyougua kwa Kulala

Nyumba ya shangazi yangu iko Shanty Town, ule upande wa mji wa Moshi ambako miti imezizidi paa kwa kimo, na mwenye kuishi huko hahitaji kalenda kujua mwezi, kwa kuwa hutosha kutazama kilichoanguka uani usiku. Mjakaranda humwaga maua yake ya zambarau kuanzia Oktoba, migrevilea hupukutisha majani yake yenye mgongo wa rangi ya fedha karibu mwaka mzima, na ifikapo Agosti na Septemba, mvua ikiwa imeadimika, vyote hivyo huchanganyika na vumbi. Kutoka getini hadi barazani pamemwagwa kokoto, na hiyo kokoto ndiyo asili ya habari yote nitakayoieleza, maana ufagio wa chelewa ukipita juu yake huzoa mawe na majani kwa pamoja, na kila baada ya wiki chache mtu hulazimika kuchekecha takataka ili ayarudishe mawe yaliyofagiwa.

Mpangaji mmoja mgeni, aliyekaa miaka miwili katika nyumba ya uani, ndiye aliyeleta mashine ya kupulizia majani, ile ya petroli inayoshikwa kwa mkono mmoja, ambayo pale nyumbani iliitwa blowa tangu siku ilipofika. Aliporejea kwao mwaka 2018 aliiacha. Ilitumika miezi michache, ikawekwa stoo, na ilipotakiwa tena haikuwaka. Shangazi alikuwa amekwisha kuamua kuitoa kwa vijana wanaopita wakinunua skrepa, ndipo nikamwomba anipe kwanza majuma mawili nijaribu kuitengeneza. Alinijibu kwamba nisimjazie uani vyuma, kisha akanipa ufunguo wa stoo.

Niliikuta nyuma ya magunia ya mahindi, bomba lake la plastiki limechomolewa na kuegemezwa ukutani, mwili wake umefunikwa vumbi lililoshikamana na oili hadi likawa kama ngozi ya pili. Ndani ya nyumba ya feni panya walikuwa wamejenga kwa nyuzi za magunia, na katika tundu la ekzosi nyigu walikuwa wamejifinyangia kiota cha udongo kilichokauka kama kigae. Nilipofungua kifuniko cha tanki, harufu iliyotoka ilikuwa ya vanishi kuukuu katika karakana ya seremala, na chini kulikuwa na kama nusu kikombe cha kimiminika chenye rangi ya chai ya mkandaa.

Mzee anayemtunzia shangazi bustani, baada ya kuitikia shikamoo yangu na kusikia nia yangu, aliitazama mashine kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyekwisha kufa. "Hii iligoma yenyewe, mwanangu," aliniambia. "Haikuanguka, wala haikugongwa. Ilifanya kazi vizuri, ikawekwa, na ilipotolewa ikakataa." Taarifa yote niliyoihitaji ilikuwa ndani ya maneno hayo, lakini siku ile sikuyasikia.

Sikuyasikia kwa sababu nilikuwa na haraka. Niliipakia mashine kwenye bodaboda na kuipeleka kwa fundi pikipiki, kwa hoja kwamba injini ni injini. Fundi alibadilisha plagi, akavuta kamba mara arobaini, akafungua kabureta, akaigeuza huku na huku akitafuta bakuli na boya, na asipoviona akatoa hukumu kwamba kabureta imekufa na kwamba nyingine itafutwe Dar es Salaam au Nairobi. Nililipia plagi na jasho lake, nikarudi na mashine ileile. Simlaumu sana. Alichokitafuta hakimo katika mashine ya namna hii, na mimi nami ndio kwanza nilikuwa sijui kwa nini hakimo.

Kabureta ya pikipiki ina bakuli dogo chini yake, na ndani ya bakuli mna boya linaloelea juu ya petroli. Petroli ikipungua boya hushuka, sindano hufunguka na petroli huingia. Ikijaa, boya hupanda na kuziba njia. Mpango huo hutaka chombo kisimame wima, jambo ambalo pikipiki hulitimiza na mashine ya mkononi haiwezi kulitimiza, kwa kuwa mtumiaji huielekeza chini ya vichaka, huilaza ubavu ili afikie pembe za ukuta, na pengine huiinua kupuliza mabati. Kwa hiyo waundaji wake waliondoa bakuli na boya, wakaweka viwambo viwili vyembamba vya kitu kama mpira, ambavyo mafundi wetu huviita dayaframu. Kiwambo cha kwanza ni pampu: pistoni ikipanda na kushuka, hewa iliyo katika chumba cha kranki, yaani ule mhimili unaozungushwa na pistoni, hutanuka na kubanwa, na mapigo hayo hupenya katika tundu dogo hadi nyuma ya kiwambo, nacho kikacheza kama ngozi ya ngoma na kuivuta petroli kutoka tangini. Kiwambo cha pili hupima: injini inaponyonya, kiwambo hiki huvutwa ndani, husukuma kiwiko kidogo kuliko punje ya mchele, kiwiko huinua sindano, na petroli hupita kwa kiasi kinachotakiwa wakati huo. Kila kitu hapo hutegemea ulaini. Viwambo vikikakamaa, injini hufa njaa hata tanki likiwa limejaa pomoni.

Mambo haya niliyapata kwa fundi mwingine kabisa, ambaye kazi yake ya miaka mingi ni mabomba ya injini, yale yanayobebwa mgongoni kupulizia dawa mashamba ya kahawa dhidi ya magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Nilielekezwa kwake na muuza vipuri vya chenso mjini kati, na ninamshukuru aliyenielekeza kuliko hata fundi mwenyewe, kwa sababu ilikuwa dhahiri, mara tu nilipoambiwa, kwamba bomba la injini na blowa ni ndugu: injini ndogo ya mipigo miwili, feni iliyofungwa kwenye kranki, na bomba la kupitishia upepo. Fundi huyo alikuwa amelala chali chini ya mwembe nilipofika. Hakuinuka. Aliniambia niiinamishe mashine anuse tangi, akanusa, akauliza: "Imekaa miaka mingapi?" Nilipomwambia sita, akasema mashine za mabomba huwa haziharibikii shambani, huharibikia stoo, kwa kuwa mkulima huosha tangi la dawa kwa uangalifu wote na kulisahau la petroli.

Hakutaka kuitengeneza. Alikuwa na mabomba manane mbele yangu kwenye foleni. Alinipa utaratibu, nikauandika nyuma ya risiti, na utaratibu wenyewe ulikuwa mfupi: mbano kwanza, moto wa plagi wa pili, petroli ya tatu, na usinunue chochote kabla ya kumaliza yote matatu.

Mbano maana yake ni uwezo wa pistoni na ringi zake kuikandamiza hewa ndani ya silinda, na ndio unaoamua kama mashine inastahili kutumiwa fedha. Silinda ya mashine hii ina sentimita za ujazo 27 tu, chini ya theluthi moja ya pikipiki ndogo kabisa zinazobeba abiria hapa mjini, kwa hiyo mkwaruzo ambao injini kubwa ingeuvumilia hii haiuvumilii. Nilitoa plagi, nikadondosha matone machache ya oili katika tundu lake ili ringi zilizokaa kavu miaka sita zisikwaruze, nikavuta kamba taratibu mara chache, nikarudisha plagi. Kisha nikashika mpini wa kamba ya kuwashia na kuiacha mashine nzima ining'inie hewani. Mashine isiyo na mbano huteremka moja kwa moja kama ndoo inayoshuka kisimani. Hii iliteremka kwa vituo, ikisita kila pistoni ilipofika juu, na nilisikia furaha ambayo shangazi, aliyekuwa akichambua maharage barazani, hakuona sababu yake.

Ili kuthibitisha niling'oa ekzosi na kuchungulia katika mlango wa moshi, ambako ubavu wa pistoni huonekana waziwazi. Mikwaruzo ya wima kwenye pistoni ni habari mbaya. Humaanisha kwamba injini iliwahi kuendeshwa kwa petroli isiyo na oili, au kwa mchanganyiko mwepesi mno, hadi chuma kikashikana na chuma. Pistoni hii ilikuwa laini, na alama nyembamba za mashine iliyoichonga kiwandani bado zilionekana. Nilitoa udongo wa nyigu wote, nikaupiga upepo mlango wa ekzosi, nikairudisha mahali pake. Hapo nilifanya kosa ambalo lilinigharimu siku mbili, nami nitalieleza litakapojitokeza.

Moto wa plagi haukunisumbua sana. Niliondoa kasha la feni, nikatoa kiota cha panya, nikakuta sumaku za flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na kranki, zimeshika kutu kidogo, nikazisugua kwa msasa laini pamoja na uso wa koili, inayotoa umeme wa cheche. Nafasi kati ya koili na sumaku huwa ndogo, takriban milimita 0.3, na kadi ya biashara hutosha kuipima: unaiweka katikati, unaiacha sumaku ivute koili, unakaza skrubu, unaichomoa kadi. Plagi mpya niliyouziwa na fundi pikipiki ilikuwa na nafasi pana mno, nikaigonga kidogo hadi ikafika milimita 0.5. Jioni, katika giza la stoo na mbali kabisa na petroli yoyote, niliilaza plagi juu ya mapezi ya silinda nikavuta kamba, na cheche ya buluu ikaruka kwa mlio mkavu. Ikabaki petroli.

Mipira ya petroli ilikuwa miwili, mmoja wa kupeleka na mwingine wa kurudisha, na yote miwili ilivunjika mikononi mwangu kama tambi kavu. Hapo ndipo mtu wa kwetu hushawishika kutumia mpira wa dripu, ambao hupatikana kwa urahisi na umekwisha kuzoeleka kwenye pikipiki nyingi kwa sababu mtu huiona petroli ikipita. Fundi wa mabomba alikuwa amenionya, lakini nilitaka kujionea, nikatumbukiza kipande chake katika kikopo cha petroli, nikakiacha siku tatu. Kiligeuka manjano, kikasinyaa, kikawa kigumu kama kijiti. Nikarudi kwa muuza vipuri vya chenso nikanunua mpira halisi wa petroli, mweusi, wa kipenyo sawa na ule wa zamani, pamoja na kile kichujio kizito kinachokaa mwisho wa mpira ndani ya tanki, ambacho uzito wake humfuata petroli popote anapokimbilia mashine inapoinamishwa. Kuupitisha mpira mpya katika tundu la tanki kuna ujanja wake: unaukata ncha kwa mshazari mrefu, unaulainisha kwa tone la oili, unaipenyeza ncha hiyo, kisha unaivuta kwa plaizi kutokea mdomo wa tanki hadi unene wenyewe uzibe tundu.

Baada ya kufunga kila kitu nilibonyeza kile kipira laini cha kuvutia petroli, ambacho kazi yake ni kuivuta petroli ipite ndani ya kabureta na kuirudisha tangini, ili hewa iliyomo itoke. Nilibonyeza mara ishirini. Ndani ya tanki nikasikia mapovu yakibubujika kwa furaha, na kipira kikabaki kitupu. Ilinichukua muda wa kunywa chai nzima kutambua kwamba nilikuwa nimebadilisha mipira, wa kupeleka nimeuweka mahali pa kurudisha, na kwamba kwa bidii yangu yote nilikuwa nikipuliza upepo ndani ya tanki. Yanayompata mtengenezaji mgeni ni mengi ya namna hii, na ninashauri mtu apige picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote, ushauri ambao mimi mwenyewe niliukumbuka wakati mipira ya zamani ilikuwa tayari imekuwa unga.

Kabureta niliifungulia juu ya sinia jeupe la shangazi, kwa kibali chake kilichokuja na masharti. Sinia jeupe lina maana: skrubu ya kiwiko na sindano ya petroli ni vitu ambavyo vikidondoka sakafuni havionekani tena, ila kuku huviona. Upande wa kupima, kiwambo kilikuwa kimekakamaa, na nilipokikunja kwa kidole kilitoa sauti kama ya karatasi ya biskuti. Sindano ilikuwa imegandishwa mahali pake kwa utandu wa rangi ya asali. Utandu huo ndio mabaki ya petroli: sehemu zake nyepesi, zile zinazowaka kwa wepesi, hupaa taratibu kupitia kifuniko na kuta za mipira, na zinazobaki huungana na hewa na kugeuka kuwa gundi, ambayo katika tanki haina neno kubwa lakini katika tundu lenye upana wa unywele huziba kabisa. Miaka sita ya utulivu ilikuwa imefanya hapo kazi ambayo miaka sita ya kupuliza majani isingeifanya, maana petroli inayotumika hupita na kwenda zake.

Nilinunua viwambo na gasketi mpya kwa shilingi 15,000, nikapulizia dawa ya kusafishia kabureta katika kila tundu, nikaenda kwa mziba pancha wa jirani anipigie upepo wa kompresa, naye akakataa malipo kwa sababu, alisema, kazi yenyewe haijafikia uzito wa baiskeli. Matundu ya kabureta hayachokonolewi kwa waya. Waya huyapanua, na tundu lililopanuka hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho humwaga petroli kupita kipimo, na hakuna dawa ya kulirudisha. Wakati wa kufunga nilizingatia mpangilio, kwa kuwa pande mbili za kabureta hii hazifanani: upande wa kupima gasketi hutangulia na kiwambo hufuata, upande wa pampu kiwambo hutangulia na gasketi hufuata. Ukikosea, kila kitu hukaza vizuri na hakuna kinachofanya kazi.

Injini za mipigo miwili hazina oili katika sanduku la chini kama gari. Oili yake huchanganywa ndani ya petroli, hupita pamoja nayo ikilainisha kranki na pistoni, kisha huungua. Petroli tupu huiua injini ya namna hii katika muda mfupi sana. Kwenye kifuniko cha tanki iliandikwa 50:1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli, na oili yenyewe ni ile ambayo chupani huandikwa 2T. Nilimwuliza mzee wa bustani walikuwa wakipimaje zamani, akanionyesha kifuniko cha chupa ya maji ya kunywa, kisha akakiri kwamba alikuwa akiongeza kifuniko kimoja au viwili zaidi ili injini ipate afya. Nikaenda duka la dawa kununua bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano. Dada wa dukani aliniuliza mgonjwa ana umri gani, nikamwambia miaka kama kumi, na sikuona haja ya kuendelea. Bomba moja kwa lita moja, bila kukisia, na tangu siku hiyo linaning'inia kwenye msumari stoo kwa uzi.

Iliwaka kwa mvuto wa tano. Choki ikiwa imefungwa ilikohoa, nikaifungua, nikavuta tena, ikanguruma, moshi wa buluu ukajaa uani, mbwa akakimbilia nyuma ya nyumba. Mzee wa bustani aliacha jembe akaja kusimama. Ilikuwa ikinguruma polepole, kwa utulivu kabisa, nami nikabonyeza eksileta nikitarajia upepo. Ikazama. Haikuzimika, ila ilibaki inaguna kama mtu anayezungumza akiwa amefunikwa mto usoni, na kadiri nilivyobonyeza ndivyo ilivyozidi kuguna. Kwa muda wa siku mbili nilirudia kabureta yote, nikalaumu viwambo, nikamlaumu muuza viwambo moyoni mwangu, nikarekebisha skrubu ambazo hazikuwa na kosa.

Siku ya pili jioni mzee akasema, kwa namna ya mtu asiyetaka kumfundisha msomi, kwamba zamani ilipokuwa mpya moshi ulikuwa unatoka kwa nguvu hadi unaipeperusha khanga iliyoanikwa, na sasa unatoka kama wa kibatari. Nikaitazama ekzosi upya. Ndani ya mdomo wake, chini ya kibati kilichoshikwa kwa skrubu moja, mna kipande cha wavu wa chuma chenye matundu madogo kuliko ya chujio la chai. Wakati natoa udongo wa nyigu nilikuwa nimekiona, nikadhani ni bati zima, kwa kuwa kilikuwa cheusi na hakikuwa na tundu hata moja lililobaki wazi. Oili iliyoongezwa kwa ajili ya afya ilikuwa imeungua nusunusu na kugeuka masizi, na masizi yalikuwa yameuziba wavu. Injini ikienda polepole hutoa moshi kidogo, unaojipenyeza. Ikitakiwa kwenda mbio haina pa kutolea pumzi, na isipotoa haiwezi kuvuta. Hapa, kwa haki, si kulala kulikoiponza mashine. Ugonjwa huu iliupata ikiwa kazini.

Nilikishika kipande cha wavu kwa koleo nikakiweka juu ya jiko la mkaa hadi kikawa chekundu, masizi yakageuka majivu, nikakisugua kwa brashi ya waya, nikauona mwanga ukipenya katika matundu yake. Wapo wanaokitupa kabisa ili injini ipumue vizuri, na nakiri kwamba wazo hilo lilinijia. Lakini wavu huo umewekwa kuzuia vipande vya masizi yanayowaka visiruke nje, na mashine yenyewe kazi yake ni kutembea juu ya majani makavu. Oktoba 2020 sisi tunaoishi Moshi tulisimama usiku nje ya nyumba zetu tukiutazama Mlima Kilimanjaro ukiwaka juu ya msitu, mstari mwekundu uliotambaa siku baada ya siku. Sikuhitaji hoja nyingine ya kurudisha kipande cha wavu chenye ukubwa wa sarafu.

Ekzosi ilipofungwa, nilibonyeza eksileta na mashine ikalia kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, nyembamba na ya juu, ya injini inayozunguka zaidi ya mara 7,000 kwa dakika, na kokoto zilizokuwa karibu na mdomo wa bomba zikatawanyika. Kazi iliyobaki ilikuwa ya masikio. Moshi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 800, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo kabureta iliyopimwa bandarini hutoa petroli nyingi kidogo kuliko hewa inayopatikana. Nilipunguza skrubu ya mwendo mdogo kwa robo mzunguko hivi, hadi injini ikaacha kusita ninapobonyeza kwa ghafla. Skrubu ya mwendo mkubwa sikuigusa, kwa kuwa petroli ikizidi plagi huchafuka tu, lakini ikipungua injini hupata joto na pistoni hushikana, na sikuwa nimeichungulia pistoni safi vile ili niiharibu kwa bisibisi.

Sidai kwamba kila uani uwe na chombo hiki. Huko kilikotoka kimeanza kukataliwa: mji wa Washington, D.C. ulipiga marufuku matumizi ya blowa za petroli kuanzia Januari 2022, na jimbo la California limeweka kanuni za kusitisha uuzaji wa injini mpya ndogo za namna hii kuanzia zile za mwaka 2024. Sababu zao zina uzito. Katika injini ya mipigo miwili mlango wa moshi na njia ya kuingizia mchanganyiko mpya hubaki wazi kwa pamoja kwa kitambo, na sehemu ya petroli hutoka mbichi bila kuungua, hewani, mbele ya pua ya anayeishika. Kelele nayo si ndogo. Nadhani zilizokataliwa huko tutaziona hapa katika makontena ya mitumba, kama tulivyoona mengine, na zitahitaji watu wa kuzifungua kabureta. Shangazi ameweka masharti yake mwenyewe: blowa iwashwe Jumamosi tu, baada ya saa nne asubuhi, kwa sababu jirani ni muuguzi na akitoka zamu ya usiku hulala, na itumike kwenye kokoto peke yake. Barazani na kwenye udongo mzee anaendelea na ufagio wake, ambao anasema unamwonyesha alipopita, wakati upepo hauonyeshi.

Jumamosi ya kwanza alipuliza mzee mwenyewe. Nilimpa vizibo vya masikio na miwani, akavivaa kwa subira, akatembea kutoka barazani hadi getini huku majani ya migrevilea yakimtangulia kama kundi la kuku, na kokoto ikabaki mahali pake. Ilichukua muda usiofika robo saa. Alipomaliza akataka kuizima na kuirudisha stoo, nikamwomba asubiri. Tuligeuza tanki, tukaimwaga petroli iliyobaki katika chupa yake, tukafunga kifuniko, kisha nikaiwasha tena kwa kile kidogo kilichokuwa kimebaki ndani ya mipira na kabureta, nikaiweka juu ya kisiki. Tukasimama wote wawili tukiisikiliza ikinguruma, ikapandisha sauti kidogo jinsi petroli ilivyopungua, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza yenyewe. Mzee akabonyeza kile kipira, akakiona hakina kitu, akaichukua mashine na kuipeleka ndani.